Kabla ya kuiga hoteli za Vietnam, tuhesabu shuka

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu hoteli za Vietnam nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha magazeti hapa Kongowea, mara ya pili nyumbani nikiwa nimevaa miwani, na mara ya tatu nilimsomea mke wangu kwa sauti, kwa sababu mwandishi wenu alikuwa anazungumzia pesa zetu bila yeye kujua. Alisifu maghorofa ya ufuoni, idadi ya vyumba na majina makubwa ya hoteli za kimataifa, kisha akamalizia kwamba Pwani yetu ifuate njia iyo hiyo: mwekezaji ajenge, mwananchi auziwe chumba, na kila mwenye chumba alipwe faida mwaka hadi mwaka. Ni hilo la mwisho ninaloomba nafasi ya kulijibu.

Mimi nilikuwa dobi wa hoteli. Nilianza kibarua mwaka 1989 kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, nikaajiriwa, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa chumba cha kufulia. Nilitoka Machi 2020, hoteli ilipofungwa kwa ajili ya korona. Miaka thelathini na mmoja ya mvuke, jiki na pasi. Kazi hiyo ilinifunza jambo ambalo wenye suti wengi hawalijui, nalo ni kwamba hali ya hoteli haisomwi kwenye jengo lake, inasomwa kwenye shuka. Mapokezi wanaweza kuandika watakavyoambiwa, meneja anaweza kuwapamba wenye mali kwa maneno, lakini shuka chafu hushuka na toroli na lazima zihesabiwe. Chumba cha vitanda viwili kilinipa shuka nne, foronya nne, taulo sita. Kila jioni niliandika kwenye daftari. Nina madaftari kumi na saba kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mke wangu amechoka kuniuliza nitayatupa lini.

Ukilifungua la mwaka 1997 utaona Julai mistari imebanana mpaka pembeni mwa karatasi. Agosti yakaja mapigano ya Likoni. Kufika Septemba, ukurasa mmoja unatosha wiki nzima. La 2002 linaanguka vivyo hivyo baada ya Novemba 28, siku hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa. La 2008 limeanza mwaka likiwa tupu baada ya ghasia za uchaguzi. Na la 2014 lina siku ambayo siisahau: Mei, Uingereza ilipowaonya raia wake, wageni wakatolewa vyumbani kabla likizo yao haijaisha na kupelekwa uwanja wa ndege kwa mabasi. Siku ile tulifua shuka nyingi kuliko siku yoyote ya mwezi ule, maana hoteli nzima ilihama kwa pamoja. Baada ya hapo mashine mbili kati ya nne zilizimwa, na vijana wanane niliokuwa nao wakabaki watatu. Wale watano walioachishwa niliwaambia mimi mwenyewe. Bosi alinituma.

Kwa hiyo mtu akiniambia nchi fulani imejenga vyumba elfu kadhaa, mimi swali langu ni moja: shuka ngapi?

Bahati nzuri nina mtu wa kumuuliza. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Likoni, anafundisha Kiingereza mji wa Da Nang, katikati ya Vietnam, mji ambao makala yenu iliutaja zaidi ya mingine. Huniita kwa simu ya video Jumapili. Kupitia simu yake nimeiona pwani ya My Khe, mchanga mrefu ulionyooka kama wa Diani, na barabara pana inayofuata bahari, na ule upande wa pili hoteli zimepangana ghorofa juu ya ghorofa. Nimeliona pia Daraja la Joka juu ya mto Han, linalotema moto usiku wa mwisho wa wiki huku watu wamejaa kando wakitazama. Sikatai, roho iliniuma. Kwa wivu, nasema kweli. Mwaka 1990 Kenya ilipokea wageni karibu 800,000 wa kimataifa, na Vietnam kama 250,000 tu. Sisi ndio tuliokuwa wakubwa. Mwaka 2019 wao walipokea milioni 18. Korona ikawashusha kabisa, na mwaka 2024 walikuwa wamerudi kwenye milioni 17 na nusu. Sisi mwaka huo wa 2024, tukijipongeza kwa rekodi, tulikuwa karibu milioni 2.4, nchi nzima, na mbuga zetu zote ndani.

Kwa nini walitupita? Hapa ndipo makala yenu ilipopita mbio, nami nataka nikae kidogo.

Hawakuanza na maghorofa. Nchi ile ilitoka vitani mwaka 1975, ikafungua uchumi wake mwaka 1986, na vikwazo vya biashara vya Marekani vikaondolewa 1994 tu. Wafanyabiashara wa kigeni walipoanza kumiminika mji wa Ho Chi Minh mwishoni mwa miaka ya themanini, vyumba vya kuwafaa vilikuwa haba kiasi kwamba mwaka 1989 hoteli nzima ililetwa kwa njia ya bahari! Ilikuwa hoteli ya kuelea yenye vyumba karibu 200, imeng'ang'ania mwamba wa matumbawe huko Australia, biashara ikaishinda baada ya mwaka mmoja, ikakokotwa mpaka mto Saigon ikafungwa gatini katikati ya mji. Sisi watu wa bandari tunaelewa maana ya kukokota kitu kama hicho. Watu walikuwa wanagombea vitanda, ndiyo sababu kitanda kikafuata watu. Mgeni kwanza, chumba baadaye.

Wakaendelea kwa utaratibu huo. Ndege za bei nafuu zilianza kuchukua raia wa kawaida. VietJet ilianza kuruka Desemba 2011. Kisiwa cha Phu Quoc kilipata uwanja mpya wa kimataifa Desemba 2012, na mgeni anayekwenda kisiwani humo moja kwa moja haulizwi viza kwa siku 30. Da Nang ikapata jengo jipya la abiria wa kimataifa mwaka 2017. Mwaka huo huo, Januari, chama tawala kilitoa azimio kwamba utalii uwe uchumi wa mstari wa mbele. Kisha Agosti 15, 2023 wakafungua viza ya mtandaoni ya siku 90 kwa raia wa nchi zote, na watu wa nchi 13 wakaruhusiwa kukaa siku 45 bila viza yoyote. Ndani ya hizo 13 yumo Mjerumani, yumo Mwingereza, yumo Mwitaliano. Mhariri, hao ni wageni wetu! Hao ndio waliolalia shuka zangu miaka ya tisini. Mwitaliano wa Malindi na Mjerumani wa Diani na Shanzu sasa anafunguliwa mlango upande wa pili wa bahari. Sisi nasi tuliondoa viza Januari 2024, tukaweka idhini ya kuombwa mapema mtandaoni iliyoanza kwa ada ya dola 30, na mgeni wa kawaida haoni tofauti ya hiyo na viza ya jana.

Jambo jingine ni majirani. Korea Kusini peke yake iliwapelekea zaidi ya watu milioni 4.5 mwaka 2024, kutoka mwendo wa saa nne au tano za ndege. Hilo hatuwezi kuliiga, Mombasa haiwezi kusogezwa karibu na Seoul. Lakini kuna ambalo tungeliweza. Mwaka huo huo raia wa Vietnam wenyewe walifanya safari za utalii milioni 110 ndani ya nchi yao. Watu wenyewe ni kama milioni 100! Mipaka ilipofungwa kwa korona mpaka Machi 2022, wenyeji ndio walioshika hoteli zisianguke zote. Nimeona kitu kama hicho kwa macho yangu kwa kipimo kidogo: treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2017, daftari langu la Desemba lilijaa majina ya vyumba vya familia kutoka Nairobi, watoto wanne chumba kimoja, taulo zimejaa mchanga. Wakubwa kazini waliwadharau wageni hao, eti hawanunui divai. Mimi niliwapenda. Walikuja wakati Mzungu ameonywa asije. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na aliyeipandisha sidhani alimuuliza mwenye hoteli yeyote huku.

Sasa nije kwenye vyumba vya kuuziwa.

Makala yenu iliandika kana kwamba mpango huo ndio ulioinua Vietnam. Mpwa wangu nilipomsomea sentensi hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba, subiri nikuonyeshe." Usiku ule akapanda pikipiki akafuata barabara ya pwani inayotoka Da Nang kwenda Hoi An, akanionyesha majengo kwa simu. Mengine yanang'aa, muziki juu, watu kibao. Mengine marefu vilevile, lakini madirisha yenye taa ungeyahesabu kwa vidole. Mengine hayakumalizika, saruji tupu, nondo zimetoka juu. Niliyatazama yale madirisha meusi nikawa nahesabu shuka zisizotumika.

Vyumba hivyo huko huitwa kondoteli: hoteli iliyokatwakatwa, kila chumba na mwenyewe, lakini anayeiendesha ni kampuni moja. Unanunua chumba, hukai, kampuni inakipangisha kwa wageni na kukulipa asilimia fulani kila mwaka, uhakika, mgeni aje asije. Miaka ya 2015 hadi 2019 viliuzwa kama samaki wa alfajiri, Da Nang, Nha Trang na Phu Quoc. Mradi mmoja mkubwa wa Da Nang, Cocobay, uliwaahidi wanunuzi asilimia 12 kwa mwaka kwa miaka minane. Novemba 2019 mwenye mradi akatangaza kwamba hawezi kuendelea kulipa. Zingatia tarehe, Mhariri: Novemba 2019. Corona ilikuwa haijafika popote. Ni mwaka ule ule nchi ilipopata wageni milioni 18, rekodi yake ya wakati huo, na bado ahadi ilivunjika. Waliolia hawakuwa matajiri peke yao. Wengi walikuwa wamekopa benki.

Halafu likazuka la hati. Ardhi ya hoteli kule kwa kawaida hutolewa kwa muda, miaka 50, wala si ardhi ya makazi, na sheria haikuwa wazi kama mwenye chumba kimoja apewe hati au asipewe. Watu walikaa miaka na risiti mkononi. Serikali ilikuja kuweka kanuni ya kuwapa hati mwaka 2023, miaka mingi baada ya pesa kwenda. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa uchungu wa kuishi juu ya ardhi usiyo na karatasi yake.

Na mimi haya yananihusu nini? Mwaka jana alinijia kijana nadhifu, mpole, anaamkia vizuri, "Shikamoo mzee," anakubali chai na mahamri. Alitoka kampuni inayouza vyumba vya jengo litakalojengwa ufuoni. Sitaitaja, na jengo bado ni picha kwenye karatasi inayong'aa. Chumba shilingi milioni nane. Nikamwambia mwanangu, mimi ni dobi. Akasema hamna tabu, watu wanne huungana, kila mmoja milioni mbili, na mtalipwa asilimia kumi kila mwaka, uhakika. Kiinua mgongo changu ukikiunganisha na akiba yetu ya Sacco vinagusa hapo hapo. Na kijana alilijua hilo kabla hajabisha hodi, sijui alilijuaje. Akanitolea mfano wa Vietnam. Nadhani ndiyo maana makala yenu ilinishtua.

Usiku nilikaa na daftari. Asilimia kumi ya milioni nane ni 800,000 kwa mwaka. Haya, tuseme chumba kinalipiwa 7,000 kwa usiku bila chakula, na kinapata mgeni siku arobaini katika kila mia, ambayo kwa miaka mingi ya madaftari yangu ni wastani wa heri. Hizo ni siku 146. Zidisha: 1,022,000. Humo toa kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, ambazo tuseme zimo ndani ya bei hiyo, unabaki na kama 866,000. Bado hujamlipa wakala aliyemleta mgeni. Bado stima, na kiyoyozi cha ufuoni hakinyamazi. Bado maji ya boza mfereji ukikauka, bado mlinzi, mpishi, mtunza bustani. Bado dobi. Ukimaliza kuwalipa hao wote, hizo 800,000 zangu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mfuko wa mtu atakayenunua chumba baada yangu, au zinatoka kwenye milioni mbili zangu mwenyewe ninazorudishiwa kidogo kidogo nikiitwa mwekezaji. Siku wanunuzi wapya watakapokatika, malipo yatakatika.

Sikutia saini. Mwenzangu wa jikoni, tuliyefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, yeye alitia, kwa kampuni nyingine, miaka mitatu iliyopita. Alilipwa miezi sita. Sasa akipiga simu anaambiwa afisa yuko mkutanoni. Ni mtu aliyepika pilau ya harusi ya binti yangu na akakataa malipo. Nikimtembelea huanza kuzungumzia mpira kabla sijakaa, ili nisiulize.

Simlaumu mwandishi wenu kwa kupenda maendeleo. Nami nayapenda. Ufuo wetu una hoteli zilizokufa ambazo nilizijua zikiwa hai, mapaa ya makuti yameporomoka, mabwawa yamekuwa maskani ya vyura, na nikipita na matatu kwenda Mtwapa nazitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya marehemu. Kungekuwa na mwekezaji wa kufufua hata moja, ningekwenda kumfundisha kijana wake namna ya kutoa doa la mafuta ya jua kwenye taulo bila kuichana. Bure. Ila mwekezaji huyo aje na mtaji wake, aajiri, na hasara ikija iwe yake. Akitaka kutumia mtaji wa wastaafu wa Kisauni, basi bunge na serikali ya kaunti wamwekee masharti: ahadi yoyote ya faida ya uhakika iwe na fedha halisi zilizowekwa benki kuilinda, jengo liwe na hati ya ardhi inayoonekana, na mnunuzi aonyeshwe hesabu ya vitanda vilivyolaliwa katika hoteli jirani kwa miaka mitano, mwezi kwa mwezi, mvua za masika zikiwemo. Muuzaji mwaminifu hana cha kuogopa hapo.

Na kama ni kuiga Vietnam, mpwa wangu alinionyesha kitu ambacho kingetufaa zaidi, na hakikuwa na ghorofa hata tatu. Hoi An ni bandari ya kale, nusu saa na ushee kutoka Da Nang, nyumba za mbao za wafanyabiashara wa Kichina na Kijapani, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1999. Wenyeji wa mji na viunga vyake wengi hupokea wageni katika nyumba zao, vyumba vitatu, vyumba vitano, mama mwenye nyumba ndiye mpishi. Shuka zinaanikwa uani, nimeziona, zimefuliwa vizuri. Nikafikiria Mji wa Kale wetu hapa, milango ya nakshi, roshani, Ngome ya Yesu iko pale pale na UNESCO iliitambua mwaka 2011, na nyumba ngapi mle zimebaki na bibi mmoja na paka, vyumba vya juu vimefungwa. Milioni mbili za mstaafu zingekarabati vyumba viwili vya nyumba ya dada yake, zikanunua magodoro mazuri na tangi la maji, na funguo zingebaki mfukoni mwake. Sijaona makala juu ya hilo.

Mwandishi wenu akipenda, aje Kisauni siku yoyote baada ya Magharibi. Nitamwonyesha madaftari. Kisha tutachukua tuk-tuk tupite barabara ya ufuoni, yeye ahesabu madirisha yenye taa upande wa kulia, mimi upande wa kushoto, na aandike atakachokiona.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Dobi mstaafu,
Kisauni, Mombasa